Jinsi ya Kuisoma My Ántonia Mpaka Ukurasa wa Mwisho, na Kuifurahia

Wengi wanaoianza riwaya ya My Ántonia ya Willa Cather huiacha njiani, na huiachia mahali pale pale: kwenye utangulizi, kwenye msururu wa majina ya kigeni wa sura za mwanzo, au kwenye Sehemu ya Tatu, ambamo Ántonia mwenyewe karibu haonekani. Wasomaji wenzangu kikundini, na watu niliowaazima nakala yangu, wamenirudishia maswali mawili yale yale. La kwanza: "Mbona hakuna kinachotokea?" La pili: "Hawa wawili wanaoana lini?"

La pili nalijibu sasa hivi ili likutoke kichwani. Hawaoani. Jim Burden na Ántonia Shimerda ni marafiki tangu utotoni mpaka nywele zinaingia mvi, na riwaya yote ni Jim akikumbuka. Ukiisoma ukisubiri harusi, kila sura itakuonekea kama kuchelewa. Isome kama unavyomsikiliza mzee anayesimulia ujana wake jioni: hapa anakaa kwa muda mrefu kwenye jambo dogo, pale anaruka miaka kumi kwa sentensi moja. Hapo hata swali la kwanza linajijibu.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Nakala. Kitabu kilitoka mwaka 1918 na haki zake Marekani zimeshakwisha, kwa hiyo unaweza kukipakua bure na kihalali kutoka Project Gutenberg. LibriVox wanayo sauti yake, imesomwa na watu wa kujitolea, nayo ni bure. Simu inatosha kabisa. Ukipata nafasi ya kuchagua nakala ya karatasi, chukua yenye michoro ya W. T. Benda. Ni michoro michache ya kalamu ambayo Cather mwenyewe aliitaka kitabuni, na inakuonyesha nyika ilivyo tupu kuliko maelezo yangu yoyote.

Daftari. La majina tu, na kurasa mbili zinatosha.

Penseli. Ina kazi moja: kila mtu anapomwita Ántonia "wangu", weka alama. Kwa Kiswahili jina la kitabu lingekuwa *Ántonia Wangu*, na hilo neno la pili ndilo litakaloibeba riwaya. Kama unasomea simu, tumia kile kitufe cha kupaka rangi maneno.

Ramani. Tafuta Red Cloud, mji mdogo kusini mwa jimbo la Nebraska, karibu na mpaka wa Kansas. Cather alihamia huko na wazazi wake mwaka 1883, akiwa na umri wa miaka 9, kutoka Virginia. Mji wa Black Hawk unaousoma kitabuni ni Red Cloud kwa jina lingine. Kisha tafuta Bohemia, walikotoka akina Shimerda: wakati ule ilikuwa chini ya dola ya Austria na Hungaria, leo imo ndani ya Jamhuri ya Cheki. Angalia umbali kati ya sehemu hizo mbili, ukiukumbuka wakati wote wa kusoma.

Wiki tatu. Sura ni 45: Sehemu ya Kwanza ina 19, ya Pili 15, ya Tatu 4, ya Nne 4, ya Tano 3. Sura mbili au tatu kwa siku zinakutosha. Kitabu hiki hakifai kusomwa usiku mmoja kama hadithi ya upelelezi, utakimaliza bila kuonja kitu.

Kamusi iwe karibu, lakini usiifungue kwa kila neno. Utakutana na majina mengi ya majani, ndege na vifaa vya farasi. Ukishajua kwamba hili ni jani na kile ni kifaa cha farasi, endelea.

## Hatua ya 1: Litamke jina lake sawasawa

Sisi tumezoea kukaza silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo ulimi wa Mswahili unakimbilia kusema *Antonía*. Cather aliliona tatizo hili hata kwa Wamarekani, akaweka tanbihi mapema kabisa: mkazo uko mwanzoni. Sema ÁN-to-ni-a. Ile alama juu ya herufi ya kwanza ndiyo kazi yake.

Krajiek, Mbohemia mwenzao utakayekutana naye mapema, mtamke *Kra-yek*. Marafiki wanamwita Ántonia kwa kifupi "Tony", usije ukadhani ni mvulana ameingia.

Hatua hii naisisitiza kwa sababu sauti ya jina hili inabeba hisia. Baba yake analitamka kwa namna ambayo Jim haisahau maisha yake yote. Kama kichwani mwako linasikika vibaya, pale utapita bila kuguswa.

Utajua umefaulu ukiweza kusema "Ántonia, Ambrosch, Yulka, Marek" kwa pumzi moja bila kusita. Hao ndio watoto wanne wa Shimerda.

## Hatua ya 2: Usiuruke utangulizi

Wengi wanauruka kwa sababu unaanza na watu wasioeleweka. Watu wazima wawili wako ndani ya treni inayokatiza jimbo la Iowa siku ya joto kali. Mmoja ni Jim Burden, sasa mwanasheria wa kampuni ya reli. Mwingine hatajwi jina. Walikulia mji mmoja, na mazungumzo yao yanarudi kila mara kwa msichana mmoja wa Kibohemia waliyemfahamu zamani.

Baadaye Jim anamletea mwenzake rundo la karatasi alizoandika kumhusu. Kabla ya kuzikabidhi anaandika juu yake neno moja: *Ántonia*. Analitazama, anakunja uso, kisha anaongeza neno lingine mbele yake: *Wangu*.

Weka alama yako ya kwanza ya penseli hapo.

Sababu ya kuusoma ni kwamba kuanzia hapo unajua nani anasimulia. Kila utakachosoma kimepita kwenye kumbukumbu ya mwanamume wa mjini, mwenye kazi nzuri, ambaye ana hamu na utoto wake. Yapo asiyoyaona. Yapo anayoyapamba. Msomaji aliyeuruka utangulizi humwamini Jim kwa kila kitu, na hapo ndipo anapokosa nusu ya utamu.

Angalizo: nakala zinatofautiana. Mwaka 1926 Cather aliufupisha utangulizi huu, kwa hiyo usishtuke wako ukiwa mfupi kuliko wa rafiki yako.

## Hatua ya 3: Gawa majina kwa nyumba

Fungua daftari na usiandike majina kwa mstari mrefu. Yaandike kwa nyumba, kila nyumba na kisanduku chake.

*Nyumba ya Burden:* babu, bibi, Jim (yatima wa miaka kumi anapofika), na vibarua wawili, Jake na Otto Fuchs, huyu wa pili akiwa ametoka Austria.

*Nyumba ya Shimerda:* baba, mama, na wale watoto wanne. Ántonia amemzidi Jim miaka minne. Kumbuka pengo hilo, linaeleza mambo mengi.

*Warusi wawili:* Pavel na Peter, wanaoishi peke yao.

*Mjini, baadaye:* akina Harling, Lena Lingard, Tiny Soderball, mkopeshaji Wick Cutter.

Yatosha. Wengine wakija, waongeze. Nimeona wasomaji wakichora miti ya ukoo hadi wakachoka kabla ya sura ya tano.

## Hatua ya 4: Soma Sehemu ya Kwanza polepole sana

Hii ndiyo sehemu tajiri kuliko zote, na ukiipenda hii, kitabu chote ni chako. Kosa la kawaida ni kuikimbiza ili "hadithi ianze". Hadithi imeshaanza, iko kwenye mambo madogo.

Kwanza jiwekee picha ya mahali. Ni nyika ya nyasi ambayo Wamarekani huiita prairi: hakuna miti, hakuna uzio, hakuna kilima cha kushikia jicho. Jim anafika usiku, amelala ndani ya gari la farasi, anachungulia na kuona kwamba hakuna chochote ila ardhi. Anasema si nchi bado, ni kile ambacho nchi hutengenezwa nacho. Nyasi ni nyekundu, na upepo ukivuma, nchi nzima inaonekana kama inatembea.

Watu wamefurika huko kwa sababu ya ardhi. Sheria ya mwaka 1862 ilimpa mtu ekari 160, karibu hekta 65, kwa ada ndogo, akikubali kuishi hapo na kulima kwa miaka mitano. Lakini akina Shimerda hawakupata hata unafuu huo. Krajiek, mtu wa kwao na pekee aliyewaelewa lugha, aliwauzia shamba lake kwa bei kubwa kuliko thamani yake, pamoja na nyumba iliyokuwa shimo lililochimbwa kwenye ukingo wa korongo na kuwekewa mlango. Na kwa kuwa hawajui Kiingereza, wanaendelea kumtegemea huyo huyo aliyewapunja. Yeyote aliyewahi kufika ugenini na kupokewa na "ndugu wa nyumbani" mwenye njaa ya pesa zake atalielewa jambo hili bila kufafanuliwa.

Sasa fanya mazoezi mawili.

### Zoezi la kwanza: mdudu wa kijani (sura ya 6)

Isome sura hii kwa sauti. Ni fupi. Ni jioni ya vuli, baridi imeanza, Jim na Ántonia wamekaa kwenye nyasi. Mdudu mdogo wa kijani, dhaifu, anajaribu kuruka anashindwa. Ántonia anamtengenezea kiota kwa viganja vyake, anazungumza naye Kibohemia, na mdudu anaanza kuimba kwa sauti ya kukwaruza. Ántonia anacheka, kisha macho yanamlengalenga machozi: kijijini kwao alikuwepo bibi kizee ombaomba, jina lake Hata, aliyeuza dawa za mitishamba na kuwaimbia watoto kwa sauti ya mkwaruzo kama ile. Halafu anamweka mdudu ndani ya nywele zake na kufunga kitambaa juu, taratibu, asimbane.

Hakuna kinachotokea zaidi ya hapo. Baadaye baba yake anakuja na bunduki begani, anamfunulia mdudu asikilize, na mzee anasikiliza. Ukiimaliza sura hii ukaona umesoma jambo kubwa, umeshapata ufunguo wa kitabu.

### Zoezi la pili: uyoga mkavu (sura ya 10)

Bibi yake Jim anawapelekea akina Shimerda chakula wakati wa baridi kali. Mama Shimerda, ambaye mpaka hapo Jim anamwona mlalamishi na mwenye wivu, anatoa mfuko na kumpimia bibi kiasi kidogo cha vitu vya kahawia, vikavu, kama vipande vya mizizi. Vinanuka udongo na chumvi. Bibi anavipokea kwa adabu, na akifika nyumbani anavitupa jikoni kwenye moto. Hajui ni nini, anaogopa kuvila. Jim anang'ata kipande kimoja kwa siri.

Inampita miaka mingi kabla hajajua kwamba ulikuwa uyoga, umechumwa labda kwenye msitu wa Bohemia, ukakaushwa, ukavuka bahari, ukatunzwa kama dhahabu na watu wasio na kitu.

Simama hapo. Jiulize: nani alikuwa fukara na nani alikuwa mkarimu siku ile? Mtu wa kwetu aliyesafiri na dagaa au mchele wa nyumbani kwenye begi, akamkaribisha jirani wa ugenini na kumwona anakunja pua, hahitaji kuambiwa mama Shimerda alihisi nini kama angejua mwisho wa zawadi yake. Mimi hunichoma kila ninapoisoma.

### Alama ya pili ya penseli

Iko sura ya 3, kabla ya mazoezi hayo. Baba Shimerda anatoa mfukoni kitabu chenye alfabeti mbili, ya Kiingereza na ya Kibohemia, anakiweka mikononi mwa bibi yake Jim na kumsihi, kwa maneno machache aliyonayo, amfundishe "Ántonia wangu". Huyo ndiye wa kwanza kulisema neno hilo ndani ya hadithi yenyewe, na analisema kama mtu anayekabidhi amana.

Angalizo: sura ya 8 ina kisa cha mbwa mwitu na harusi kinachosimuliwa na Pavel akiwa mahututi. Ni cha kutisha kweli. Usikisome na watoto wadogo.

Utajua umefaulu kama ukifunga kitabu unaweza kueleza harufu ya kitu kimoja kutoka ndani yake.

## Hatua ya 5: Jiandae kwa sura ya 14

Naliweka peke yake kwa sababu limewashtua wasomaji ambao hawakuonywa. Tarehe 20 Januari, siku Jim anatimiza miaka kumi na moja, tufani kubwa ya theluji inaanza. Asubuhi ya tarehe 22 wanapata habari kwamba baba Shimerda amejiua.

Kama jambo hili limegusa nyumba yako, soma sura za 14 hadi 16 mchana, na mtu akiwa karibu wa kuzungumza naye.

Ukisoma, fuata vitu viwili. Cha kwanza ni fidla yake. Kwao alipiga kwenye harusi na dansi. Tangu afike nyika hii hajaigusa. Andika "fidla" pembeni mwa daftari na uisubiri, itarudi baada ya miaka mingi.

Cha pili ni kaburi. Makaburi yanamkataa kwa sababu ya namna alivyokufa, hivyo anazikwa kwenye kona ya shamba lake mwenyewe, mahali ambapo njia mbili zitakuja kukutana. Baadaye barabara zinachongwa, lakini hazipiti juu yake. Moja inapinda kidogo upande huu, nyingine upande ule, na kaburi linabaki kama kisiwa kidogo cha zile nyasi ndefu nyekundu ambazo kwingine zote zimeshalimwa. Jim anasema ndicho kipande cha nchi anachokipenda kuliko vyote. Wachonga barabara waliopindisha njia hawatajwi majina, na hakuna aliyewalazimisha.

## Hatua ya 6: Sehemu ya Pili, fuata pesa

Hapa familia ya Burden inahamia mjini, na baadaye Ántonia anakuja kufanya kazi za ndani kwa akina Harling. Jina la sehemu hii kwa Kiswahili ni kama *Wasichana wa Kazi*, na msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi yuko nyumbani kabisa.

Soma kwa kufuata mshahara. Mama Harling anakubali kumlipa Ántonia dola 3 kwa wiki, na viatu juu. Kaka yake Ambrosch anataka kila senti apewe yeye mwisho wa mwezi. Mama Harling anakataa: dola 50 kwa mwaka zitabaki kwa matumizi ya Ántonia. Piga hesabu: dola 156 kwa mwaka, na msichana mwenyewe anashika kama theluthi moja, tena baada ya mabishano.

Kisha soma sura ya 9 kwa makini. Jim anaeleza kwamba wasichana hawa wa Kibohemia na wa Skandinavia walifanya kazi majumbani ili kulipa madeni ya mashamba, kununua plau, kusomesha wadogo zao. Mabinti wa wenyeji waliona aibu kufanya kazi hizo, wakabaki majumbani wakisubiri. Na familia za wageni ndizo zilizotangulia kunyanyuka. Wakati huo huo vijana wa mjini waliwatazama wasichana hao kwa macho ya tamaa na kuoa kwingine. Jim anakasirika juu ya hilo. Lakini angalia kama yeye mwenyewe anafanya tofauti. Sura ya 12 inakupa alama ya tatu ya penseli: kijana Jim anajiambia kwa majivuno kwamba bado ni "Ántonia wangu". Linganisha na lile la baba.

Maangalizo mawili, na naomba uyazingatie.

Sura ya 7 ina mpiga piano Mweusi, kipofu, anayeitwa d'Arnault. Maelezo yake yamejaa dharau ya rangi iliyokuwa ya kawaida kwa waandishi weupe wa Marekani wakati ule. Yanaumiza kuyasoma. Sikushauri uiruke, kwa sababu inaonyesha mpaka wa huruma ya kitabu hiki: mwandishi aliyeweza kumwona mama Shimerda hakuweza kumwona mtu huyu. Ndivyo ilivyo pia kwa wenyeji wa asili. Wapawnee walikuwa wameshaondolewa Nebraska na kupelekwa kusini miaka ya 1870, muda mfupi kabla ya hadithi kuanza, na kitabu kinawagusa kwa duara moja tu lililobaki kwenye nyasi, Sehemu ya Kwanza sura ya 9. Nyika ile haikuwa tupu. Ilikuwa imefanywa tupu.

Sura ya 15 ina jaribio la ubakaji. Ántonia ananusurika, Jim anapigwa, na cha kushangaza hasira ya Jim inamgeukia Ántonia. Usimtetee. Mwandishi ameiacha hapo kwa makusudi.

Kati ya hizo mbili kuna zawadi: sura ya 14. Jim na wasichana wanne wako kando ya mto, jua linazama. Ghafla wanaona umbo kubwa jeusi katikati ya duara la jua. Ni plau iliyoachwa shambani. Jua liko nyuma yake kabisa, hivyo mikono yake na ulimi wake vinaonekana vikubwa kupita kiasi, vimechorwa ndani ya wekundu. Wanaongea kwa kunong'ona. Kisha jua linashuka, na plau inarudi kuwa plau ndogo mahali fulani nyikani. Nakushauri usome ukurasa huo saa kumi na mbili jioni, ukiwa nje.

## Hatua ya 7: Sehemu ya Tatu, hapa usiache

Ni sura nne tu. Jim yuko chuo kikuu mjini Lincoln. Ántonia hayupo. Aliyepo ni Lena Lingard, sasa fundi cherehani mwenye duka lake na wateja wake. Watu hufika hapa wakasema "kitabu kimepotea njia", wakafunga. Mimi nami mara ya kwanza niliachia hapa hapa, na nikakaa miaka miwili kabla ya kurudi.

Dawa ni kujua unatafuta nini, nacho kiko sura ya 2. Jim anasoma mashairi ya Virgil, mshairi wa Kilatini. Anakutana na mstari usemao kwamba siku bora ndizo za kwanza kukimbia. Mstari huo umeandikwa pia mbele ya kitabu chote, kabla ya utangulizi, rudi ukautazame. Anajifunza pia kwamba Virgil alitaka kuleta ushairi "nchini kwake", na nchi yenyewe haikuwa Roma nzima bali kile kijimtaa cha shamba alikozaliwa. Jioni hiyo Lena anabisha hodi, wanazungumza, anaondoka. Na Jim anaelewa kwamba bila wasichana kama wale wa kazi, ushairi usingekuwepo duniani.

Hapo ndipo kijana anapogundua kwamba uyoga, mdudu na plau ni mambo ya kuandikwa. Sehemu hii ndiyo inayoeleza kwa nini kitabu kipo. Nyingine, tamthilia, mbwa wa Lena, majirani wake wanaomtaka, zisome haraka ukipenda.

Utajua umefaulu kama kutokuwepo kwa Ántonia kunakusumbua. Inatakiwa ikusumbue.

## Hatua ya 8: Sehemu ya Nne na ya Tano, zisome mfululizo

Tenga siku ya mapumziko. Sura ni saba, na zinaungana.

Katika ya Nne, Ántonia ameahidiwa ndoa na Larry Donovan, kondakta wa treni, akamfuata, akatelekezwa, akarudi nyumbani na mimba. Jim anaipata habari kwa barua ya bibi yake, lakini inamgusa kwa njia ya picha: dukani kwa mpiga picha kuna picha ya mtoto mchanga ndani ya fremu kubwa ya dhahabu. Ni mtoto wa Ántonia. Mji unamcheka kwa kutoolewa, naye amekataa kumwekea mtoto fremu ya bei rahisi.

Kisa chenyewe anakisimulia mama mjane, Steavens. Hapo ipo alama ya nne. Anakumbuka alivyokaa chini kando ya Ántonia na kulia, akisema "Ántonia wangu", aliyekuwa na wema mwingi hivyo. Baba, kijana, na sasa jirani mwanamke: neno moja, mapenzi matatu tofauti.

Kisha miaka ishirini inapita. Jim amekuwa akiogopa kurudi. Anaogopa kumkuta amezeeka na kuvunjika. Na kweli anamkuta meno mengi yamemtoka, nywele zina mvi, mwili umechoka. Lakini moto uliokuwa ndani yake haujapungua. Ana nyumba iliyojaa watoto, mume mpole wa Kibohemia anayeitwa Cuzak, na shamba la miti ya matunda aliyoimwagilia kwa ndoo mmoja mmoja. Kwake wanaongea Kibohemia. Watoto wadogo hawajui Kiingereza mpaka waende shule.

Usikimbie pale wanapomwonyesha Jim ghala la chini ya ardhi lenye mitungi ya matunda na achari. Watoto wanamhesabia kila mtungi kwa fahari. Halafu Jim na Ántonia wanatoka kwanza, na watoto wanapanda ngazi nyuma yao wote kwa pamoja, wakubwa kwa wadogo, vichwa vya kahawia na vya dhahabu, miguu peku, wakifumuka kutoka kwenye giza kuingia kwenye jua. Jim anapata kizunguzungu. Kumbuka familia hii ilivyoanza maisha: ndani ya shimo.

Na lile neno pembeni mwa daftari lako? Jioni, mtoto mmoja, Leo, mtundu kuliko wote, anachukua fidla kuukuu na kupiga. Ni ile ya babu yake.

Angalizo dogo: Sehemu ya Tano inarudi pia kwa Wick Cutter, na mwisho wake ni wa damu. Umeandikwa kwa kurasa chache, utapita.

## Hatua ya 9: Rudi mwanzo kabla hujakirudisha kitabu

Usikifunge. Siku hiyo hiyo, au kesho yake asubuhi, soma tena utangulizi. Utakuchukua dakika kumi na tano.

Weka mbele yako alama zako za penseli. Sasa unawajua wote waliomwita Ántonia "wangu", na unajua nani alimkabidhi, nani alijivunia, nani alimlilia. Soma tena pale Jim anapoandika jina lake juu ya karatasi, akalitazama, akakunja uso.

Kisha mwulize mwenzako aliyesoma nawe, au andika kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari: je, Jim ana haki ya kuongeza neno lile? Kikundini kwetu swali hilo lilikula jioni nzima. Dada mmoja alisema haki hiyo ni ya baba peke yake. Mwingine akasema aliyekumbuka ndiye mwenye haki. Kama nawe una jibu, na uko tayari kulitetea kwa kutaja sura, umekisoma.